Kuisoma Bunduki ya Mnadani: Hotuba kwa Wawindaji wa Pennsylvania

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, ndugu wawindaji, mabibi na mabwana: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi wenu mmeliuliza tangu minada ya mirathi ilipoanza kuwavutia: mtu anunuapo bunduki kuukuu ya kuwindia, ambayo fundi fulani asiyejulikana aliibadilisha miaka mingi iliyopita, ataitambuaje? Dalali hukupa mstari mmoja tu kwenye karatasi yake, mathalani «Mauser, milimita 8, ya kuwindia, ilivyo hivyo hivyo», na nyundo ikishagonga meza maswali yote yaliyobaki ni yako. Simlaumu dalali. Ana meza arobaini za vyombo, majembe na saa za ukutani za kuuza kabla ya jua kutua, na yale maneno «ilivyo hivyo hivyo» ndiyo kinga yake mbele ya sheria.

Ninachotaka mkishike leo ni hiki: maandishi yaliyogongwa kwenye mtutu yanasema lililokuwa kweli siku yalipogongwa, ilhali chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi, inasema lililo kweli leo. Kwenye bunduki ambayo haijaguswa tangu itoke kiwandani, kauli hizo mbili hukubaliana. Kwenye bunduki iliyopita mikononi mwa fundi zinaweza kuachana kabisa, na zikiachana anayeumia ni yule aliyeiweka shavuni.

Bunduki iliyo mezani hapa ni ya mwanachama mwenzetu, ambaye ameniruhusu niivue nguo mbele yenu. Bolti, yaani kipande cha chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, imetolewa, magazini, kile kisanduku cha risasi, ni tupu, na Mwenyekiti ameichungulia chemba kwa macho yake kabla hatujaanza. Aliinunua kwenye mnada wa mali ya marehemu, kwa maelezo yale yale niliyoyataja, akitarajia kwenda nayo kuwinda kulungu msimu wa Novemba.

Kwanza tuelewe kwa nini bunduki za namna hii zimejaa katika jimbo letu. Askari wa Kimarekani waliorejea kutoka Ulaya mwaka 1945 waliruhusiwa kuja na silaha walizoziteka, na wengi walikuja na bunduki ya jeshi la Ujerumani iitwayo Karabiner 98k, iliyopitishwa rasmi mwaka 1935. Baadaye wafanyabiashara wakaingiza shehena za bunduki za majeshi mbalimbali na kuziuza kwa posta kwa bei ndogo, hadi sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 1968 ilipoufunga mlango huo. Mkulima au mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, ambaye hakuwa na uwezo wa kununua bunduki mpya ya dukani, alichukua bunduki ya vita, akaikata, akaipunguza uzito, akaivisha kitako kizuri, akawa na silaha ya kuwindia. Kazi hiyo ilifanywa gereji, karakana za shule za ufundi, na kwa mafundi wa mtaani ambao hawakuandika kitabu chochote. Ndiyo maana ukipiga simu kiwandani kuuliza habari zake, watakujibu kuhusu bunduki ya vita waliyoitengeneza. Hii uliyonayo hawaijui.

Basi tuanze na resiva, yaani kiini cha chuma ambacho mtutu umeskrubiwa mbele yake na bolti hutembea ndani yake. Kila kitu kingine kinaweza kubadilishwa, lakini resiva ndiyo iliyozaliwa kiwandani, na hata kisheria ndiyo bunduki yenyewe. Tazameni juu ya pete yake, sehemu ya mbele inayoupokea mtutu. Fundi ameipiga msasa mpaka imeng'aa, kisha akairudishia rangi nyeusi yenye usamawati, lakini nikiinamisha taa ya mkononi mwanga ukaja kwa ubavu, herufi tatu zinajitokeza kama kovu: b, y, f, na chini yake 43. Hiyo ilikuwa alama ya siri ya kiwanda cha Mauser cha Oberndorf wakati wa vita, na tarakimu ni mwaka 1943. Ubavuni kulia kuna tai mdogo mwenye namba 135 chini yake, muhuri wa mkaguzi wa jeshi katika kiwanda hicho hicho. Herufi zingekuwa «dot», tungesema kiwanda cha Brno. Zingekuwa «bnz», tungesema cha Steyr. Wala msidanganyike na neno Mauser peke yake, maana mfumo huo ulitengenezwa na viwanda vingi vya nchi nyingi, na karatasi ya mnadani huviita vyote Mauser.

Kuna dalili nyingine zinazothibitisha uzazi wa kijeshi hata pale maandishi yanapokuwa yamefutwa kabisa. Ukuta wa kushoto wa resiva una pengo lililochongwa ili kidole gumba kipate nafasi ya kusukumia risasi ndani. Bunduki nyingi za kiraia za mfumo huu hazina pengo hilo. Daraja la nyuma la resiva limesagwa bapa, kwa sababu hapo palikuwa na mfereji wa kushikia klipu, kile kibanio cha risasi za kusukumiwa ndani, nao umeondolewa ili kitako cha darubini kikae. Mkono wa bolti umekatwa na kuchomelewa upya ukielekea chini, usije ukagonga darubini. Na mtutu, ambao ndio unaowadanganya wanunuzi wengi, una vidato: mnene hapa, ukashuka ghafla, ukawa mwembamba kidogo, ukashuka tena. Mtutu wa kuwindia uliotengenezwa kwa ajili ya raia kwa kawaida hupungua taratibu bila vidato. Pale pa kidato cha pili mnaona mduara wa rangi iliyofifia, na ukipapasa kwa ukucha utahisi mabaki ya lihamu. Ndipo kilipokuwa kimefungwa kilengeo cha vita. Kwa hiyo mtutu huu ndio ule ule wa mwaka 1943, umefupishwa kidogo tu kutoka milimita 600 za asili.

Je, kazi hii ilifanywa lini? Hapa anatusaidia mtu asiyedhani kwamba anatusaidia. Kifyatulio si cha jeshi. Kimebadilishwa, nacho kina jina Timney, kampuni iliyoanza mwaka 1946. Kwa hiyo kifyatulio hiki hakikuwekwa kabla ya mwaka huo. Kitako ni cha mti wa jozi, chenye ncha nyeusi mbele na nakshi za mistari inayokatana. Mkono uliochora nakshi hizo haukuwa wa fundi mkubwa, maana mistari inapita mipaka yake sehemu mbili, lakini pale chuma kinapolala ndani ya mbao hakuna mwanya hata wa karatasi, na hiyo ni kazi ngumu kuliko nakshi. Binafsi namheshimu mtu huyu.

Sasa namba. Namba ya bolti hailingani na namba ya resiva. Msishtuke, ni jambo la kawaida kwa bunduki zilizotekwa, ambazo mara nyingi zilikusanywa huku na bolti zikitupwa kule. Lakini lina maana yake kiusalama, nami nitalirudia baada ya muda mfupi. Jambo la kutisha zaidi ni resiva isiyo na namba kabisa. Hapo tofautisheni hali mbili. Kabla ya sheria ya 1968 kutekelezwa, zilikuwapo bunduki za kuwindia zilizotoka kiwandani bila namba, na hizo ni halali kuwa nazo. Lakini bunduki iliyokuwa na namba, kisha ikasagwa au ikafutwa, kuimiliki ni kosa chini ya sheria ya serikali kuu, hata kama si wewe uliyeifuta na hata kama uliinunua mchana kweupe. Bunduki za kivita za Kijerumani zilikuwa na namba ubavuni mwa pete. Fundi aliyependa kung'arisha chuma kupita kiasi anaweza kuwa ameikaribia. Mkiona hivyo mnadani, wekeni mikono mfukoni.

Na kwa kuwa wengi wetu tulifika nchi hii tukiwa wageni, niongeze neno moja la haraka: ukinunua kwenye mnada ulio nje ya jimbo lako, bunduki lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni ya serikali kuu, na huko utajaza fomu na kukaguliwa. Mwenye makazi ya kudumu anaruhusiwa kununua. Mwenye viza ya muda hukatazwa, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria. Ulizeni kabla ya kuinua mkono.

Turudi kwenye chemba, ambako ndiko hasa ninakotaka kukaa.

Kwenye ubavu wa mtutu huu hakuna maandishi yoyote ya aina ya risasi. Mnunuzi aliambiwa milimita 8, naye akanunua boksi la risasi za 8x57, risasi ya asili ya bunduki hii. Kila kitu kilionekana kuitikia: risasi iliingia, bolti ikafunga, na mdomo wa mtutu ukapimwa ukaonekana ni wa milimita 8 kweli. Bahati njema hakupiga hata moja, kwa kuwa aliona jambo dogo: ukuta wa mbele wa kisanduku cha magazini una mikwaruzo ya tupa. Mtu alikipanua kwa ndani kiasi kidogo sana. Akaniuliza kwa nini mtu apanue kisanduku ambacho risasi zake tayari zinaenea. Swali hilo, ndugu zangu, lilikuwa na thamani kuliko bunduki yenyewe.

Jibu lake liko katika historia ya risasi hapa Marekani. Risasi za 8x57 hazikuwa rahisi kupatikana baada ya vita, tena viwanda vya hapa vilizijaza kwa nguvu ndogo, na hadi leo kiwango cha Marekani ni shinikizo la paundi 35,000 kwa inchi ya mraba, chini sana ya kile cha Ulaya. Sababu ni kwamba bunduki za zamani za Kijerumani zilikuwa na mtutu unaopokea kichwa cha risasi cha milimita 8.08, kisha mwaka 1905 jeshi likahamia kichwa kinene zaidi cha milimita 8.20, na viwanda viliogopa mtu asije akakisukuma kichwa kinene kwenye mtutu mwembamba. Wakati huo huo maganda ya .30-06, risasi ya jeshi la Marekani, yalijaa kila mahali. Fundi mwenye akili akaona njia: badala ya kununua mtutu mpya, apitishe kifaa cha kupanulia kwenye chemba ile ile ya zamani, airefushe ipokee ganda la .30-06 lililopanuliwa mdomo kushika kichwa cha milimita 8.20. Risasi hiyo ya kutengeneza nyumbani huitwa 8mm-06. Kwa gharama ndogo mtu akapata bunduki yenye nguvu, na wengi hawakujisumbua kugonga jina jipya kwenye mtutu, kwa kuwa waliijua wenyewe na hawakuwaza habari za mnada wa mirathi.

Ubaya wake ni kwamba macho hayawezi kuliona badiliko hilo. Kitako cha ganda la 8x57 na cha .30-06 vina upana unaokaribiana mno, takriban milimita 12, kwa hiyo uso wa bolti haukuhitaji kuguswa. Kilichobadilika ni urefu: ganda moja lina milimita 57, jingine milimita 63 na ushei, na bega la ganda, pale linapopungua kuelekea shingoni, limesogea mbele kama milimita 3. Ukiweka risasi fupi kwenye chemba ndefu, kucha ya bolti inaishika kwa nyuma, na kwa hiyo inaonekana imekaa vizuri. Ukipiga, ganda halina bega la kuegemea. Linavutika kwenda mbele, na likipasuka karibu na kitako, gesi yenye moto hurudi nyuma. Paul Mauser, aliyebuni mfumo huu, aliliwazia janga hilo: kwenye bolti ya mfano wa 98 aliweka matundu mawili ya kupitishia gesi chini, na ukingo mpana nyuma wa kuikinga sura ya mpigaji. Namshukuru, lakini singependa mtu yeyote humu aijaribu kazi yake.

Namna ya kuitambua chemba kwa uhakika ni kuimwagia kalibu, yaani kumimina ndani yake madini yaliyoyeyuka ili yachukue umbo lake. Iko aloi iitwayo Cerrosafe, mchanganyiko wa bismuthi, madini ya risasi, bati na kadimiamu, ambayo huyeyuka kati ya nyuzi 70 na 88 za Selsiasi, yaani hata kwenye chombo kilichokaa ndani ya maji ya moto. Kwa sababu ya madini hayo ya risasi na kadimiamu, chombo hicho kisirudi tena jikoni kwa mama watoto. Ukishaisafisha chemba, unaziba mtutu kwa kitambaa kilichokazwa kidogo mbele ya mahali ganda linapoishia, unapasha chuma joto kidogo, unamimina kupitia kifaneli mpaka chemba ijae, unasubiri igande, kisha unaisukuma nje taratibu kwa ufito kutoka mdomoni. Usiiache humo zaidi ya nusu saa. Aloi hii husinyaa kwanza, kisha hutanuka, na saa moja baada ya kumiminwa huwa na vipimo vile vile vya chemba. Hapo ndipo unapoichukua kalipa, kile kipimo chenye taya mbili.

Hii hapa kalibu ya bunduki ya mezani. Ipitisheni kwa mkono, msiiangushe. Bega lake liko kwenye milimita 49 na nusu kutoka nyuma, na shingo yake inapokea kichwa cha milimita 8.20. Haiwi 8x57, haiwi .30-06. Ni 8mm-06, na tupa kwenye kisanduku cha magazini ilikuwa ikitwambia hivyo tangu mwanzo, kwa kuwa risasi ndefu ilihitaji nafasi.

Lakini kalibu haitoshi. Mtutu nao upimwe, hasa kwa bunduki za Kijerumani za kiraia za zamani: unasukuma kitufe cha madini laini ya risasi kilichopakwa mafuta kupitia mtutu mzima, kisha unapima sehemu zilizoingia kwenye mifereji ya ndani ya mtutu. Ukipata 8.08 badala ya 8.20, umeshika bunduki ya enzi nyingine kabisa, na risasi za dukani si zake. Na kwa kuwa bolti ya bunduki hii haikuzaliwa nayo, tuliingiza vipimo vya chuma vya kukagua nafasi kati ya uso wa bolti na bega la chemba. Vipimo vya .30-06 ndivyo vinavyotumika kwa 8mm-06, maana bega ni lile lile. Kile cha kwanza bolti ilikubali kukifunga, kile cha pili, kilicho kirefu zaidi kwa kiasi kama cha unywele, ikakataa. Ndivyo inavyopaswa kuwa.

Wapo wenye bunduki za uzazi mwingine, nami nitazipitia kwa haraka. Mwenye Springfield ya mwaka 1903, bunduki ya jeshi la Marekani, atazame namba: resiva za kiwanda cha Springfield zilizo chini ya 800,000, na za Rock Island zilizo chini ya 285,507, zilipitishwa motoni enzi ambapo fundi alikadiria joto kwa kuiangalia rangi ya chuma, na baadhi ziliungua zikawa za kuvunjika kama kigae. Hata ikiwa imevishwa kitako cha thamani, mimi nisingeipiga. Mwenye M1917, nyingine ya jeshi hilo, ile ambayo mafundi waliisaga masikio yaliyolinda kilengeo cha nyuma, atambue kwamba zaidi ya milioni 1 zilitengenezwa hapa hapa kwetu, Eddystone. Mitutu yake ilikazwa kwa nguvu mno, na pete ya resiva huweza kupata ufa pale mtutu unapofunguliwa kwa ajili ya kubadilishwa. Chukueni lenzi muiangalie pete hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Na majina ya risasi yenyewe yana ujanja wake. Mkikuta bunduki ya Kiingereza iliyogongwa .275 Rigby, mjue ni risasi ile ile ya Kijerumani ya 7x57 iliyovishwa jina la London; W.D.M. Bell, aliyewinda tembo Karamoja kule Uganda, aliipenda risasi hiyo. Bunduki ya Kiingereza ina faida moja ambayo hizi zetu hazina: Uingereza na Ujerumani zilikuwa na sheria ya kulazimisha kila mtutu upigwe kwa risasi ya majaribio na kugongwa alama, na nyumba ya Rigby, watengenezaji bunduki wa London, ina madaftari ya kazi zake. Serikali kuu ya Marekani haijawahi kuwa na sheria kama hiyo. Fundi wa gereji akishamaliza, hakuna ofisi iliyoipima kazi yake, na ndiyo maana tunaipima sisi.

Wengine wataniuliza thamani. Nitasema wazi: bunduki ya vita iliyobadilishwa hivi mara nyingi huuzwa kwa bei ndogo kuliko gharama ya vipuri vyake, na ingekuwa na thamani zaidi kama isingeguswa. Kuirudisha katika hali ya kijeshi kwa vipuri vya kununua ni kutengeneza bunduki ya tatu isiyo kweli kuliko zote. Msiipige msasa tena, msiipake rangi upya. Herufi zile tulizozisoma kwa taa ya ubavu zinaweza kupotea kwa mpito mmoja wa gurudumu la kung'arisha.

Kwa bunduki hii ya mezani, mwenyewe ameamua kuitunza kama ilivyo. Fundi mwenye leseni ataugonga mtutu wake jina sahihi la risasi wiki ijayo, upande wa kushoto ambako panaonekana bila kufungua kitako, na lile boksi la 8x57 ameshampa jirani mwenye bunduki ya asili. Kabla ya msimu ataanza kutengeneza risasi zake kwa maganda ya .30-06, akianza na ujazo wa chini wa baruti katika kitabu cha vipimo.

Baada ya chai nitakuwa kwenye meza ile ya dirishani na kalipa, lenzi na vipimo. Mlio na bunduki garini, zileteni zikiwa zimetolewa bolti, mitutu ikitazama dari, na risasi ziachwe huko huko garini. Pakiti ya aloi inatosha kumimina chemba tatu, kwa hiyo tutaanza na wale ambao mitutu yao haina maandishi.